Lita si Kilo: Neno Juu ya Vipimo vya Feri, Kariakoo na Shuleni

Katika mafundisho yote ya elimu ya vitu, yaani kemia na fizikia, hakuna somo linaloonekana jepesi kuliko somo la vipimo. Mwalimu huandika ubaoni majina ya vipimo, mita na lita na gramu; huchora ngazi; huwafundisha watoto kupanda ngazi kwa kugawanya kwa kumi na kushuka kwa kuzidisha kwa kumi; kisha hufuta ubao na kuingia katika mambo anayoyaona makubwa zaidi, kama moto, hewa, asidi na chumvi. Watoto nao hulishika upesi na kulisahau upesi. Sisi tulio walimu twaona kwamba somo hilo lastahili kuchunguzwa na kukosolewa, kwa maana makosa yake hayabaki darasani. Hutoka pamoja na mtoto, humfuata sokoni, humfuata shambani, na siku moja humfuata mpaka penye kitanda cha mgonjwa.

Ili maneno yetu yasiwe ya kitabuni tu, tutaliweka somo hilo kando ya masoko mawili ya Dar es Salaam, ambako watu hupima kila siku, na kosa la kipimo hulipwa papo hapo kwa fedha. La kwanza ni soko la samaki la Feri, lililo pwani karibu na mahali ambapo pantoni huvusha watu kwenda Kigamboni. La pili ni Kariakoo, soko lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Jengo lake kubwa, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na mwezi Julai 2021 lilishikwa na moto. Walakini Kariakoo si jengo moja, bali ni mitaa mingi ya maduka na meza, na kupima hakukukoma. Hatusemi kwamba soko ni jema na shule ni mbaya. Kila mahali pana haki yake na kosa lake, nasi tutajaribu kuwahukumu wote kwa mizani moja.

Tuanze na Feri. Mtazame mama lishe aliyekuja asubuhi kununua samaki. Kabla hajauliza bei, humtazama samaki jicho, kama limejaa na kung'aa au limezama na kufifia. Hufunua shavu aone kama ndani bado ni mekundu. Humbonyeza kwa kidole aone kama nyama inarudi mahali pake. Humnusa. Akisha kufanya hayo yote ndipo husema, "Kiasi gani?" Mama huyo hakusoma kemia, lakini amefuata utaratibu ulio sawa kabisa. Kwa kuwa kitu chochote kina sifa za namna mbili. Kuna sifa zinazofuata wingi wake, kama uzito na ujazo. Ukiongeza kitu, nazo huongezeka. Tena kuna sifa za asili yake, zisizojali wingi: chumvi huyeyuka majini iwe punje iwe gunia, na dhahabu ni nzito kupita chuma iwe pete iwe bonge. Sifa hizi za pili hutuambia kitu ni nini. Zile za kwanza hutuambia ni kiasi gani. Mama lishe huuliza kwanza "Ni nini?" kisha "Ni kiasi gani?" Somo la shuleni huanza na swali la pili, na mara nyingi lile la kwanza haliulizi kabisa.

Hapo hapo Feri pana mfano mwingine, nao ni barafu. Barafu ya maji matamu huyeyuka kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, ambazo ni nyuzi 32 katika hesabu ya Farenihaiti, iwe kipande cha kiganjani au bonge la kubebwa na watu wawili. Tena ina tabia nzuri: inapoyeyuka hubaki palepale kwenye sifuri mpaka kipande cha mwisho kiishe. Ndiyo sababu sanduku la samaki waliozungukwa vizuri na barafu hukaa baridi muda wote barafu ingalipo kati yao, na barafu ikiisha tu joto huanza kupanda. Bonge kubwa halina baridi zaidi kuliko kipande kidogo. Lina muda mrefu zaidi. Mtoto akiyaelewa hayo, amekwisha kuelewa tofauti ya sifa ya asili na sifa ya wingi, wala hana haja ya kukariri maneno magumu.

Sasa tutazame fungu. Walimu wengi hulicheka fungu, wakisema si kipimo. Sisi tunalitetea kidogo. Fungu halidai kuwa kipimo. Limewekwa wazi juu ya meza, mnunuzi ahesabu samaki kwa macho yake, awageuze, achague fungu hili au lile. Mwenye fedha kidogo hupata kitoweo bila kuulizwa anataka gramu ngapi. Hakuna chombo cha katikati kinachoweza kusema uongo. Hizo ni haki za fungu.

Walakini lina kosa moja, nalo humuumiza maskini. Katika mizani, wingi husimama na bei hupanda, na kila mtu husikia na kulalamika. Katika fungu, bei husimama na wingi hupungua, na kupanda kwa bei kunapita kimya kimya. Tuseme fungu la Jumatatu lina kilo moja ya samaki kwa shilingi 3,000. Siku ya Ijumaa bahari imechafuka, samaki ni wachache, na fungu la shilingi 3,000 lina gramu 750. Mnunuzi atasema, "Bei ni ile ile." Kumbe bei ya kilo imetoka shilingi 3,000 ikafika shilingi 4,000. Muuzaji hakudanganya, wala hakuficha kitu. Ni mnunuzi aliyekosa hesabu ya kugeuza fungu kuwa kilo. Mama lishe anayenunua mafungu kila siku na kuuza sahani kwa bei moja aweza kumaliza mwezi mzima akipata hasara, asijue imetoka wapi.

Tukitoka Feri na kupanda kwenda Kariakoo, twakuta kipimo cha namna nyingine: debe, ndoo, kisado, kikombe. Vyombo hivi si kama fungu, maana vyenyewe hudai kuwa vipimo. Na adaiye ana wajibu wa kuulizwa. Debe la kale lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Ndoo ya plastiki iliyochukua nafasi yake mara nyingi ni ya lita 20. Watu huviita vyote viwili debe. Lakini ndoo 10 za lita 20 ni sawa na madebe 11 ya kale, kwa hiyo anayenunua kwa ndoo na kuuza kwa kopo hujipatia debe moja katika kila kumi, bila kupandisha bei hata senti. Tena mahindi na maharage si maji. Kati ya punje na punje pana hewa. Ukiyamwaga polepole hukaa kwa ulegevu, na chombo hujaa upesi. Ukikitikisa chombo, punje hushuka na kupatikana nafasi ya nyingine. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake: anayeuza humwaga polepole, anayenunua hutikisa, na wote wawili husema ni debe moja.

Jambo hili si geni kwa Waswahili. Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba, na kwa kisaga kilicho vibaba viwili, na kwa pishi iliyo vibaba vinne. Hicho kilikuwa kipimo cha ujazo. Lakini pishi hiyo hiyo ilihesabiwa pia kwa uzito, kuwa ratili 6, na pishi 6 zikafanya frasila, ambayo ni kama kilo 16. Neno moja likabeba mizigo miwili. Kwa mtu apimaye nafaka ya namna moja siku zote haikuwa na dhara; alipoingiza kitu kilicho chepesi zaidi au kizito zaidi katika pishi ile ile, ugomvi ulianza. Hata katika Biblia twaona uangalifu wa jambo hili. Kitabu cha Ezekieli, mlango wa 45, huagiza kwamba efa, kipimo cha vitu vikavu, na bathi, kipimo cha vitu vya maji, viwe na ujazo mmoja. Na Kumbukumbu la Torati, mlango wa 25, hukataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, kubwa na dogo. Kwa hiyo kupima sawasawa kulihesabiwa kuwa haki baina ya watu, si ufundi tu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Watu wengi, na baadhi yao wamesoma, huamini kwamba lita moja ni kilo moja. Imani hiyo haikutoka hewani. Wafaransa walipotengeneza vipimo vipya mwaka 1795, waliamua kwamba gramu iwe uzito wa maji yanayojaza sentimita moja ya ujazo, maji yenye baridi ya barafu inayoyeyuka. Kwa hiyo lita ya maji, ambayo ni sentimita za ujazo 1,000, ikawa kilo moja. Baadaye, mwaka 1889, bonge la madini ya platinamu na iridiamu liliwekwa karibu na Paris kuwa kilo ya dunia nzima, likatumika hata tarehe 20 Mei 2019, ambapo kilo ilifungwa kwenye tarakimu ya maumbile isiyochakaa. Lakini urafiki ule wa kwanza wa lita na kilo ulibaki. Ni wa kweli, nao hufaa sana. Ila ni wa maji peke yake.

Tia kitu kingine katika chombo cha lita moja uone. Mafuta ya taa ni kama gramu 800. Mafuta ya kula ni kama gramu 920. Maji ya bahari ya pale Feri ni kama gramu 1,025. Asali nzuri ni kama gramu 1,400. Mahindi makavu, pamoja na hewa iliyo kati yake, ni kama gramu 750, na mkaa ni kama gramu 250 au pungufu. Dhahabu ikijaza lita ingekuwa kilo 19 na zaidi. Uzito huo wa kitu katika kila lita ndio wataalamu wauitao densiti, na ndilo daraja la pekee baina ya lita na kilo. Daraja hilo halimo katika ngazi ile ya ubaoni. Huwezi kulipata kwa kuongeza sifuri wala kwa kuondoa sifuri. Hulipati mpaka umeuliza swali la mama lishe: ni nini?

Pengine msomaji atasema, "Tofauti hizo ni ndogo." Basi na tumtazame mrina asali wa Tabora ambaye ameleta dumu la lita 20 kwa mfanyabiashara. Mfanyabiashara amwambia, "Dumu lako ni la 20, nitakulipa kilo 20." Mrina hana mizani, asikia 20 na 20, aona ni haki. Lakini dumu lile lina asali kama kilo 28. Amezitoa kilo 8 bure, na katika madumu matano ametoa kilo 40. Na lumbesa je? Gunia likisha kujaa huongezwa nundu juu yake, likafungwa kwa kamba na wavu, likahesabiwa kuwa gunia moja. Serikali ya Tanzania hukataza jambo hilo. Sheria ya vipimo haikubali mazao ya shamba yafungwe kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, husimamia sheria hiyo na kukagua mizani. Lakini sheria haiwezi kumsaidia vema mkulima ambaye mwenyewe hafikiri kwa kilo. Maadamu ahesabu magunia, nundu itapanda.

Wala tusidhani kwamba kosa hili ni la debe na dumu tu, au la watu wasiosoma. Tarehe 23 Julai 1983 ndege kubwa ya Air Canada, aina ya Boeing 767, ilijazwa mafuta mjini Montreal. Siku zile Kanada ilikuwa ikiacha vipimo vya Kiingereza na kuingia katika vipimo vya mita na kilo. Safari ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Ndani ya matangi mlikuwa na lita 7,682. Ili kuzigeuza lita kuwa kilo ilipasa kuzidisha kwa 0.8 na kidogo, na jibu lingekuwa karibu kilo 6,170. Lakini wahusika walizidisha kwa 1.77, tarakimu inayotoa ratili za Kiingereza, wakapata 13,597, wakaziita kilo. Kwa hiyo walitia lita 4,917 tu, hali zilihitajika lita 20,000 na zaidi. Ndege iliishiwa mafuta ikiwa juu sana angani, na mashine zote mbili zikazimika. Rubani aliielekeza kama tiara mpaka kwenye uwanja wa zamani wa ndege za vita, mahali paitwapo Gimli, akaitua. Na watu wote 69 waliokuwamo wakapona. Tazameni: kuzidisha kulikuwa sahihi. Mtoto wa shule angepata jibu lile lile na kutiwa alama ya sawa. Kilichokosekana ni jina la kipimo kando ya tarakimu, na swali kama tarakimu ya daraja ilikuwa ya kilo au ya ratili.

Baada ya hayo twaweza kulikosoa somo la shuleni kwa haki. Twaona lina makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kuifanya ngazi kuwa mchezo wa sifuri. Mtoto hujifunza kwamba mita moja ni sentimita 100, na hiyo ni kweli. Kisha aulizwa mita moja ya ujazo ni sentimita za ujazo ngapi, naye ajibu 100, maana ngazi yake haina urefu, upana na kimo. Jibu ni 1,000,000. Mia mara mia mara mia. Hizo ni lita 1,000, na ikiwa ni maji, ni kilo 1,000, yaani tani nzima. Leo katika nyumba nyingi za mijini na vijijini watu huweka matangi ya maji ya lita 1,000 juu ya vichanja vya mbao au juu ya paa. Tangi tupu hubebwa na watu wawili, nao huliona jepesi. Anayejua kugeuza mita kuwa lita na lita za maji kuwa kilo atajua kwamba analipandisha juu ya vichwa vya watoto wake gari dogo zima. Hesabu ya namna hii ingefundishwa kwa tangi, hakuna mtoto angeisahau.

Kosa la pili ni la maneno. Katika vitabu vya elimu twaambiwa kwamba wingi wa kitu chenyewe ni tungamo, na uzito ni nguvu ambayo dunia hukivutia kitu hicho chini. Tofauti hiyo ni ya kweli, na aendaye mwezini atauona uzito wake umepungua hata sehemu moja ya sita, hali tungamo lake ni lile lile. Lakini sokoni neno uzito hubeba maana zote mbili, wala hakuna aliyedhulumiwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa mnunuzi na muuzaji wako juu ya dunia moja. Mwalimu amkaripiaye mtoto kwa kusema uzito badala ya tungamo, lakini asimkaripie kwa kuandika "jibu ni 40" bila kusema 40 nini, amechuja mbu na kumeza ngamia. Tena, tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyejifunza ujazo huku huambiwa jina jingine kule, naye hudhani ni kitu kingine, akaanza upya kukariri. Dawa yake ni chombo. Apewe chupa ya maji mkononi. Chupa haibadiliki kwa kubadilika lugha.

Kosa la tatu ni kuwafundisha watoto majibu bila kuwafundisha chombo. Hapa soko lenyewe lina dhambi zake, na shule ingeweza kulitengeneza. Mizani yenye uso kama wa saa ni lazima mshale wake usimame kwenye sifuri kabla bidhaa haijawekwa. Ukianza kwenye gramu 50, kila mnunuzi wa siku ile hulipia gramu 50 ambazo hakuzipata. Ni lazima uutazame mshale ukiwa mbele yake, si kutoka ubavuni, maana ukitazama kwa upande waona alama ya jirani. Samaki aliyetolewa katika barafu atiririshwe maji kwanza, ama sivyo wanunua maji kwa bei ya changu. Kimiminika katika chupa yenye alama kisomwe jicho likiwa usawa wa maji. Na mizani ambayo alama zake zimeachana kwa gramu 50 haiwezi kukuambia gramu 12. Twawaona wanafunzi wakigawanya kilo 10 kwa 3 na kuandika 3.333333, wakidhani tarakimu nyingi ndiyo kweli nyingi. Chombo chao hakikuona zaidi ya 3.3, yaliyobaki ni ya mashine ya kuhesabia, si ya samaki.

Tulisema hapo mwanzo kwamba makosa haya hufika penye kitanda cha mgonjwa, nasi hatukusema kwa kutia chumvi. Mtoto ameharisha, mama amepewa pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Pakiti imeandikwa kiasi cha maji yake, na nyingi ni za lita moja. Nyumbani hakuna chombo kiitwacho lita. Pana chupa ya soda, kikombe na jagi. Akitia pakiti hiyo katika nusu lita, dawa imekuwa kali maradufu, na chumvi nyingi yaweza kumdhuru mtoto. Akitia katika lita mbili, nguvu yake imepungua nusu. Lakini chupa mbili za maji za mililita 500 ni lita moja kamili, na chupa hizo zimejaa kila mahali zikiokotwa bure. Kadhalika dawa ya maji ya homa huandikwa, mathalani, miligramu 120 katika kila mililita 5. Miligramu ni uzito wa dawa, mililita ni ujazo wa maji yaliyoibeba; hazigeuzwi moja kuwa nyingine kwa sifuri, ila kwa maandishi yaliyo juu ya chupa ile. Na kijiko cha jikoni si kipimo, maana vijiko vya chai vyatofautiana, na kijiko cha kulia hubeba karibu mara tatu ya mililita 5. Kifuniko au kijiko kilichokuja na dawa kitunzwe kama dawa yenyewe.

Basi twatoa shauri kwa walimu wenzetu na kwa wazazi. Somo la vipimo lisifundishwe kwa ubao peke yake. Kila shule, hata ya kijijini isiyo na maabara, yaweza kupata chupa ya lita moja, ndoo, rula, na mizani ya kuazima dukani kwa saa moja. Watoto wapime chupa tupu, kisha waijaze maji, kisha mafuta, kisha mchanga, kisha unga uliotikiswa na unga usiotikiswa, wakiandika kila mara jina la kitu, tarakimu, na jina la kipimo, vitatu pamoja. Asiyeandika vyote vitatu ahesabiwe kuwa hajajibu. Wapewe kazi ya kwenda sokoni kwao, iwe Feri, iwe gulio la kijiji, wapime fungu moja siku tatu mbalimbali na kutafuta bei ya kilo. Wakulima nao wa kijiji kimoja wachange fedha wanunue mizani moja iliyokaguliwa, na magunia yapimwe hapo kabla ya lori kufika.

Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba. Ni neno jema, na watoto wetu hulisema tangu wakiwa wadogo. Sisi twaomba wafundishwe pia kuuliza kibaba hicho ni kikubwa kiasi gani, na ndani yake mna nini.